Dodoso la Mama Mkwe

Dodoso lilikuwa na maswali arobaini na mawili, na muuguzi aliyelitunga alilipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza: kasoro walizoziona wengine, yeye hakuziona. Alilitunga kwa miezi minne, jioni baada ya zamu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na mumewe akiwa amefukuzwa mezani. Lilikuwa la shahada yake ya pili. Mada, kama ilivyoandikwa kwenye jalada, ilikuwa afya ya jamii na ustawi wa familia. Kwa lugha ya kawaida, alitaka kujua kwa nini watu wenye presha na kisukari huacha dawa ilhali wamezungukwa na ndugu.

Mtafiti haruhusiwi kuwa na jibu kabla ya kuuliza. Yeye alikuwa nalo. Familia hazifuatilii, ndilo lilikuwa jibu lake, na alilisema kwa uhakika wa mtu ambaye kwake mambo yamenyooka. Kila mwanzo wa mwezi alimpelekea mama mkwe wake vidonge thelathini vya presha, na kila mwisho wa mwezi alilikuta kopo tupu. Presha yenyewe ilikuwa haishuki, hata daktari akamwongezea dawa ya pili, lakini kwa hilo muuguzi aliilaumu chumvi.

Nyumba sitini za mtaa uliozunguka zahanati zilichaguliwa kwa kura. Nambari ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikaratasi vikatiwa kwenye bakuli, na rafiki yake wa kazini, mkunga mnene mwenye utulivu wa ajabu aliyejitolea kumsaidia, akawa anatikisa. Muuguzi alipokunjua karatasi ya kumi na saba aliikunja tena upesi na kutaka kuirudisha. Mkunga alimshika mkono. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe.

Alimpigia simu msimamizi wake wa chuo, akaeleza kwa kirefu kwamba yule ni mama yake kabisa, kwamba kila kitu chake anakijua na hakuna jipya la kuuliza. Msimamizi alimwacha amalize, kisha akasema nyumba haitoki. Mkunga ndiye atakayeuliza na kuandika, muuguzi akae pembeni, na uhusiano wao uandikwe wazi kwenye ripoti. Mtu anayeondoa nyumba anazoziogopa, alisema, mwishoni hubaki na utafiti wa nyumba anazozipenda.

Kwa hiyo walianza na nyumba nyingine, na kazi ikaenda vizuri isipokuwa kwa jambo moja. Kila baada ya nyumba mbili tatu, mtu aliulizwa kwa nini haendi zahanati naye akataja jina lilelile: Sista King'ora. Hawakulieleza zaidi. Walicheka kidogo, wakatazama pembeni, wakaomba swali linalofuata. Muuguzi aliwaza sana ni nani kati ya wenzake, na mwisho akaridhika kwamba ni yule dada wa chumba cha sindano, mwenye kifua kipana. Aliandika kwenye daftari lake la mapendekezo: mhusika apewe mafunzo ya lugha nzuri kwa wagonjwa. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Siku ya nyumba ya kumi na saba, waliyoiacha hadi nyingine thelathini zikaisha, walimkuta mama mkwe amejiandaa. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka sitini na minane, mwembamba, mwenye macho ya kuona mshono uliopinda kutoka upande wa pili wa barabara. Siku hiyo cherehani lilikuwa limefunikwa kitambaa, viti vitatu vimepangwa, na yeye amevaa gauni lake la kijani lenye kola. Muuguzi aliingia kama alivyozoea, huku akivua viatu na kuuliza kama chai ipo. Mama mkwe alimtazama, akamwomba kwa upole arudi nje na kubisha hodi.

Akarudi. Akabisha.

"Karibuni," alisema mama mkwe. "Sijui ninyi ni akina nani?"

Mkunga alijitambulisha, akasoma karatasi ya ridhaa tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika pale panaposema majibu ni siri na hayatatolewa kwa mtu yeyote wakiwemo ndugu, mama mkwe aliomba parudiwe. Akauliza kama ni siri hata kwa mwanawe. Akaambiwa hata kwa mwanawe. Aliweka sahihi polepole, herufi kwa herufi, kama anatarizi, kisha akasema ana ombi. Huyu mwenye kalamu hamfahamu. Aulize yule mwingine, ambaye sura yake inaaminika kidogo.

Muuguzi alimtazama mkunga, mkunga akainua mabega. Wakagawana kazi: muuguzi akauliza, mkunga akaandika. Umri ukajibiwa, kazi ikajibiwa. Swali la tatu lilikuwa hali ya ndoa.

"Mjane," alisema mama mkwe. Akanyoosha kola. "Kwa sasa."

Mkunga aliuliza bila kuinua kichwa kama na hilo la pili aliandike. Muuguzi alisema fomu haina nafasi ya kitu kama hicho. Mama mkwe aliinama, akaitazama karatasi, akasema pembeni anapaona papo wazi. Mkunga akaandika pembeni.

Likafuata swali la mlo. Katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi amekula chakula cha jioni pamoja na mtu mwingine? Mama mkwe alijibu saba. Muuguzi alisahau kwamba yeye ni mtafiti, akasema haiwezekani, wao huja Jumapili tu.

"Mtafiti," mama mkwe alimuuliza, "unaniuliza au unanijibu?"

Muuguzi akauliza anakula na nani. Akaambiwa anakula na Mwalimu. Mwalimu alikuwa jirani wa nyuma ya ukuta, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, ambaye muuguzi alimjua kwa sauti ya redio yake tu. Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Jioni moja Mwalimu huzunguka kwa barabara na mkate wake, jioni nyingine mama mkwe huzunguka na sufuria. Mama mkwe alieleza haya yote kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vifungo, na muuguzi aliyasikiliza akiwa na swali moja tu kichwani: mume wangu atasemaje? Kisha akakumbuka karatasi ya ridhaa. Hakuruhusiwa kumwambia.

Wakafika kwenye swali alilojivunia kuliko yote. Kwa kipimo cha moja hadi tano, familia yako inakusikiliza kiasi gani? Mama mkwe alisema inategemea nani. Mwanawe alimpa nne. Kwa mkwe wake alifikiri kwanza, kidole kikiwa shavuni.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri sana, msimwandike vibaya," alisema. "Ananiletea dawa, ananipima presha, ananipunguzia chumvi. Anafanya mengi kuliko hata mwanangu. Ila tangu aolewe sijawahi kumaliza sentensi."

"Mama, hiyo si kweli, mimi siku zote…" alianza muuguzi, kisha akajisikia mwenyewe, akanyamaza. Tumbo la mkunga lilikuwa likitikisika chini ya ubao wa kuandikia.

"Weka tatu," alisema mama mkwe kwa huruma. "Anaweza kupanda."

Muuguzi alijikaza, akahamia kwenye dawa, sehemu aliyoijua vizuri. Anatumia dawa kila siku na familia inamkumbusha? Kila siku. Anazitumia kama alivyoelekezwa? Mama mkwe alilitazama cherehani lake lililofunikwa, akanyoosha mkono, akatoa chini ya kile kitambaa mkasi mdogo wa kukatia uzi. Kwenye makali yake kulikuwa na unga mweupe.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Kila asubuhi alikikata kidonge katikati. Nusu aliimeza yeye, nusu aliimeza Mwalimu. Na hicho kidonge cha pili alichoongezewa na daktari walikifanya vilevile. Mwalimu naye alikuwa na presha, tena kubwa kuliko yake, lakini alikuwa ameapa kutokanyaga zahanati. Mwaka jana alikosa tarehe mbili za kliniki, akaenda ya tatu, na muuguzi mmoja akamuuliza mbele ya foleni nzima kama mzee mzima kama yeye kusoma tarehe tu kunamshinda. Katika foleni ile walikuwapo watu aliowafundisha kusoma.

Muuguzi alikasirika kwa dhati. Alisema mambo hayo wameyasikia, kuna mtu anaitwa Sista King'ora, ni yule wa chumba cha sindano, na tayari ameandikiwa mapendekezo. Mkunga alikohoa. Mama mkwe alimtazama mkwe wake kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyetoka nyumbani zipu ya mgongoni ikiwa wazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaacha kumwita mtafiti.

"Mwanangu," alisema, "yule wa chumba cha sindano wanamwita Sista Pole."

Nje mtu alikuwa anafagia. Muuguzi aligeuka kwa mkunga akamuuliza kama alijua, na mkunga, macho yakiwa kwenye karatasi, akasema alijua tangu miaka mitatu iliyopita. Alimtafutia siku nzuri ya kumwambia, lakini kila siku ilikuwa na haraka.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa jina. Aliitafuta kichwani siku ile ya Mwalimu, asubuhi ile, foleni ile, mzee yule na kadi yake mkononi, asiione. Kwake ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Mwalimu alikuwa anaibeba hadi leo.

Alitaka kulia, akaona si kitaalamu. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo mama mkwe hakuwahi kuisikia kutoka kwake, kwa nini hakuambiwa. Mama mkwe alianza kueleza. Alisema aliona aibu kwa niaba ya Mwalimu, na aliona aibu kwa niaba ya mkwe wake, na kati ya aibu mbili hakujua aanze na ipi, akaona mkasi ni rahisi. Ilikuwa sentensi ndefu, yenye vituo vingi, na muuguzi aliisubiri mpaka mwisho wake.

Kisha akamweleza bila ukali kwamba nusu kidonge hakimtoshi yeye wala Mwalimu, na kwamba ile dawa ya pili iliongezwa kwa sababu ya ile nusu. Wote wawili walikuwa wanatembea juu ya kamba. Aliomba ruhusa ya kwenda kuzungumza na Mwalimu, kwa kuwa siri ni ya mwenye nyumba na hawezi kuitoa bila idhini. Mama mkwe alikubali kwa masharti mawili. Asiende na sare ya kazi. Na habari za mambo mengine yaliyoandikwa pembeni atamwambia mwanawe yeye mwenyewe, siku akipenda.

Jioni iliyofuata alikwenda. Alikuwa amevaa gauni la kawaida, akijiona kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwalimu alimkaribisha kwenye chumba chenye vitabu hadi dirishani, akamwonyesha kiti, akasubiri. Muuguzi alikuwa amepanga maneno mazuri njiani na yote yakamtoka. Alisema tu kwamba alimwaibisha mbele ya watu, kwamba haikumbuki siku yenyewe, na kwamba hilo la kutokumbuka ndilo linalomfanya aombe radhi zaidi.

Mwalimu aliitafakari radhi hiyo kwa muda, kama insha ambayo haijaamuliwa alama. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kadi yake ya kliniki, akaiweka mbele ya mgeni.

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mbili," alisema. "Hebu nisaidie. Hii ni moja au ni saba?"

Muuguzi aliivuta kadi karibu. Akaisogeza dirishani. Akaigeuza kidogo upande. Mwandiko ulikuwa wake, hilo halikuwa na ubishi, lakini tarehe yenyewe, kwa haki ya Mungu, hata yeye hakuweza kuisoma.

Hapo Mwalimu alicheka, na alipocheka alionekana mdogo kwa miaka kumi, na muuguzi akaelewa jambo fulani kuhusu zile jioni saba. Akacheka naye mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko. Mwalimu alileta chai. Kisha akaomba alione hilo dodoso ambalo mtaa mzima unalizungumzia.

Alilisoma lote akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Aliondoa koma, akaunganisha maneno mawili, akatenganisha mengine. Kwenye swali la kumi na moja alisimama. Liliuliza hivi: je, unatumia dawa zako kila siku na familia yako inakukumbusha? Mwalimu alisema yeye hutumia kila siku, ingawa ni nusu, na hakuna anayemkumbusha. Sasa ajibu ndiyo au hapana? Muuguzi alilisoma tena. Yalikuwa maswali mawili yamevaa koti moja, na alikuwa amekwisha kuyauliza katika nyumba thelathini na moja.

Msimamizi, alipoambiwa, alisema alikuwa akisubiri aligundue mwenyewe, jambo ambalo halikumfurahisha mtu yeyote. Nyumba zote thelathini na moja zilirudiwa kwa miguu. Mkunga alilalamika juu ya magoti yake kutoka mlango hadi mlango, lakini hakukosa hata siku moja, kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona muuguzi akinyamaza kwa muda mrefu hivyo na alitaka kushuhudia litaishia wapi. Watu walipoulizwa upya walisema mambo ambayo mara ya kwanza hawakuyasema. Mmoja alifichua kwamba hajui kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Mwingine kwamba familia inamkumbusha mno, hadi ameanza kudanganya ili apate amani. Yote yaliandikwa, na lile jibu ambalo muuguzi alikuwa nalo tangu mwanzo likazidi kusinyaa. Lile pendekezo la mafunzo ya lugha nzuri hakulifuta. Alilipeleka kwa mganga mkuu kama lilivyo, na jina la mhusika akalijaza kwa mkono wake, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Mwalimu alikwenda kliniki Jumanne. Alikataa katakata kupitishwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye foleni kama watu wengine, mgongo wima. Zamu yake ilipofika muuguzi alimwamkia shikamoo kwa sauti ya kawaida. Foleni ikageuka kuona ni nani huyo anayesema polepole. Presha yake ilikuwa mia moja sabini na nane kwa mia na nne. Muuguzi alijiuma ulimi, akamweleza taratibu maana ya namba zile, na Mwalimu akarudi nyumbani na vidonge vyake vizima vizima.

Siri ilibaki imemkaa kooni kwa wiki tatu. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na kila alipotaja jina la mama yake, muuguzi alikimbilia jikoni. Hatimaye Jumapili moja, wakiwa mezani kwake, mama mkwe aliweka kijiko chini akamwambia mwanawe kwamba yeye na Mwalimu wamefikia hatua ya kuzungumza mambo ya maana. Muuguzi alimtupia mumewe jicho.

Seremala aliendelea kutafuna. Akasema ni habari njema, kisha akaomba maji. Alipoulizwa na mkewe kama hakushtuka, alisema ashtuke nini, yeye hula nao kila Jumatano tangu mwaka jana, akitoka karakana. Muuguzi akauliza, kwa utulivu uliomgharimu sana, kwa nini yeye hakuambiwa. Mama na mwana walitazamana.

"Tulikuwa tunakuja kukwambia," alisema seremala. "Tulikuwa tunasubiri upumue."

Kwa kawaida angekuwa na la kusema, tena la dakika kumi. Safari hii alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe, na kicheko kikamshinda. Mama mkwe akamwongezea mboga, akasema sasa anaweza kumpa nne.

Miezi mitatu baadaye presha ya mama mkwe ilikuwa imeshuka hadi daktari akaiondoa ile dawa ya pili. Ya Mwalimu ilikuwa inashuka kwa hatua, kama mtu mwenye madaha kwenye ngazi. Tarehe ya ndoa walikuwa wanabishania, kwa sababu kila mmoja alitaka kuonekana hana haraka, lakini kuzunguka barabarani na sufuria kulikuwa kumewachosha wote wawili. Wakamwita seremala.

Alivunja ukuta mahali pa upana wa hatua moja na nusu, akaleta fremu na mlango wa mbao nyepesi. Ilimchukua asubuhi nzima kuusimamisha, kwa sababu Mwalimu alitaka ufungukie kwake, kwa heshima ya mgeni, na mama mkwe alitaka ufungukie kwake, kwa kuwa upande wa Mwalimu kuna vyungu vya maua na mlango utaviangusha. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja ziliongezeka. Seremala alikaa juu ya ndoo akisubiri, misumari ikiwa mdomoni. Muuguzi, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, alipewa kazi ya kuushikilia mlango usianguke, na akaombwa na pande zote mbili asitoe maoni. Aliushikilia. Jua lilikuwa kali na mikono ilianza kumuuma, na aliona wazi kabisa upande ambao mlango ule ungepaswa kufungukia. Alivuta pumzi, akauegemeza begani, akawasikiliza.